Dungu Lililohesabiwa Nyumba

Uzee umenitoa mambo mengi kichwani, lakini sauti ya tajiri wa boriti wa kijijini kwetu haijatoka. Namsikia hadi leo akisema kodi ni haki kwa sababu kila nyumba inatoa sawa, ya mkubwa na ya mdogo, na serikali haimpendelei mtu. Alisema hivyo amekaa kwenye baraza ya nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu wa kuvilalia. Mimi nilikuwa mchangani nyuma ya ua wa makuti pamoja na wanawake wenzangu, mjane, na kibanda changu kikiegemea upande mmoja kwa kuchoka. Nyumba yake moja, kibanda changu kimoja. Kwa hesabu ile tulikuwa sawa, na watu wazima wenye ndevu walitikisa vichwa kukubali.

Kijiji chetu kilikuwa juu kidogo ya Mbwera, pale mto unapoanza kugawanyika vijito kuelekea baharini. Vita vya maji vilianzia milimani, Umatumbi, na sisi wa bondeni tulivipata kwa habari kwanza, kisha kwa moshi, kisha kwa watu waliokuja na watoto mgongoni kwa sababu askari walikuwa wamechoma ghala zao. Mume wangu hakunywa dawa ya vita wala hakushika mkuki. Askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walimkuta njiani upande wa Chumbi, wakaona ana mabega, wakamtwika sanduku la risasi. Hakurudi. Hakuna aliyekuja kuniambia alifia wapi, na nilikaa eda bila kujua nianze kuhesabu siku gani. Mwalimu wa msikiti, yule aliyenifundisha kusoma nikiwa mtoto, ndiye aliyenichagulia siku ya kuanzia.

Nikabaki na mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke mfupi, hana meno, kifua kinambana kila masika, na ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Shamba la mpunga lilikuwa lake tangu ujana, na alilijua kama mtu anavyoijua mikunjo ya kanga yake. Kulima hakuweza tena. Kwa hiyo mimi nililima, yeye akaniamrisha, na chakula cha kutuvusha mpaka mavuno kilitoka kwenye ghala la zaka.

Ghala hilo lilisimama nyuma ya msikiti. Kila aliyevuna mpunga uliofika nisabu, yaani kile kiwango ambacho dini inakitaka, alileta fungu lake la kumi, na kila Ijumaa baada ya sala wajane, mayatima na vikongwe walipimiwa. Hakuna aliyeona aibu. Mume wangu naye alileta fungu lake miaka yote, akilibeba kichwani huku akiimba, na mimi nilipopokea pishi langu nilijiambia nakula jasho lake.

Sasa serikali ile ile iliyomla mume wangu ikatuma watu kuhesabu nyumba. Alikuja askari mmoja mgeni, mtu wa bara ya mbali, akitembea na jumbe wetu, mkuu wa kijiji. Walipomaliza kijiji wakashuka bondeni, na huko askari akakuta madungu.

Kwetu mpunga ukianza kutoa masuke, mtu huhamia shambani. Huwezi kuulinda kutoka kijijini. Mchana kuna ndege, jioni wanakuja nguruwe, na usiku kiboko anapanda kutoka mtoni. Basi tunajenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu ili maji yapite chini, chenye sakafu ya fito, paa la nyasi na jiko la udongo pembeni. Kutoka pale juu tunatandaza kamba hadi pembe zote za shamba, tunafunga vifuu vya nazi, na mtu akivuta kamba shamba zima linagongagonga. Watu hula humo, hulala humo, hata watoto huzaliwa humo. Mpunga ukivunwa, dungu linaachwa lioze.

Askari alitazama juu, akaona paa, akaona moshi. Akaandika nyumba. Jumbe alikuwa pembeni yake. Jumbe alizaliwa juu ya dungu, mama yake alikuwa akilisimulia jambo hilo kila harusi, na siku hiyo alisimama kimya akitazama vidole vyake vya miguu. Kila nyumba iliyoandikwa, sehemu ya kodi yake ilirudi mkononi mwake. Hivyo kila fukara wa bondeni akalala na nyumba moja akaamka na mbili. Tajiri wa boriti hakuwa na dungu kwa kuwa hakuwa akilima. Mali yake ilikuwa mashua, na magogo ya mikoko yaliyorundikwa ufukweni hadi yakaziba upepo. Mashua hazina paa. Hazikuandikwa.

Ijumaa iliyofuata jumbe aliitisha shauri kwenye baraza ile ya tajiri. Nilikwenda na mama mkwe wangu, tukakaa nyuma ya ua na wanawake wengine, tukisikiliza wanaume.

Mkata boriti mmoja, mtu wa makamo ambaye mikono yake ilikuwa imeliwa na chumvi, ndiye aliyeanza. Alisema kwa upole mno, maana tajiri ndiye aliyempa kazi. Alisema dungu si nyumba na kila mtu pale anajua. Lakini kama bomani wanataka fedha na hawakubali kurudi nyuma, basi wenye mashua watoe kwa kila mashua, na mwenye shamba dogo aachwe na kibanda chake kimoja. Aliyebarikiwa zaidi abebe zaidi mwaka huu mmoja wa taabu. Hakuomba kingine.

Tajiri hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alicheka, akampigapiga mkata boriti begani, akasema wakitoza mashua zake atazipeleka Kilwa, na hapo wakata boriti wote watakwenda kuwakatia nani? Yeye mali yake inalisha watu. Ukimkamua yeye umewakamua wao. Kisha akageuza uso kuelekea msikitini na kusema kuna mpunga mwingi pale umekaa unangoja panya. Uuzwe. Kodi ya madungu yote ilipwe kwa fedha hiyo, ya wajane pia, na kila mtu apone. Akaongeza kwamba chakula cha bure kimewafanya baadhi ya watu kusahau jembe, na kwamba anasema hivyo kwa kuwaonea huruma.

Kwa kutuonea huruma! Mimi nilikuwa na malengelenge ya jembe viganjani siku hiyo hiyo. Na mabaya zaidi, nilisikia watu wakinong'ona kwamba ni wazo zuri. Watu wenye madungu, watu maskini kama mimi, walishukuru kuona njia ya kulipa isiyotoka mfukoni mwao. Hasira yangu kwa tajiri nilikuwa nayo tangu zamani. Kwa wale ilikuwa mpya, na iliniuma vibaya.

Mama mkwe wangu aliinuka. Wanawake walimvuta kanga, akawasukuma, akazunguka ua na kusimama mbele ya wanaume, pumzi zikimpaa.

"Mpunga huo ni wetu," alisema. "Mnataka mtulipie kodi kwa chakula chetu wenyewe, kisha tuwaambie ahsante. Mie sitosema. Mwalimu yupo hapo, aseme yeye zaka ni ya nani."

Watu wote wakamgeukia mwalimu. Yeye ndiye aliyetufundisha, sisi watoto tuliokaa mkekani mbele yake, ni nani wanaostahiki zaka, tukiwataja mmoja mmoja hadi sauti zikatukauka, na fukara na maskini wakiwa wa mwanzo. Aliyajua hayo kuliko jina la baba yake. Lakini boriti zote za paa la msikiti zilikuwa sadaka ya tajiri, na dari ya nyumba yake mwalimu pia. Alikohoa. Alisema wakati wa dhiki una ruhusa zake na jambo hili lina maslahi ya wengi. Hakumtazama mama mkwe wangu alipokuwa akisema.

Sehemu kubwa ya mpunga ilitoka ghalani wiki hiyo hiyo. Ilisafirishwa kwa mashua ya tajiri, na nauli akatoza.

Haikuishia hapo. Jumbe alitangaza kwamba hesabu itarudiwa mpunga ukikaribia kuiva, na dungu litakalokutwa limesimama litalipiwa upya. Hofu ikawaingia watu. Asubuhi moja nilisikia mapanga bonde zima, nikapanda juu ya dungu langu kutazama, nikaona majirani wanabomoa. Walibomoa madungu na masuke yametoka! Watu waliolima mpunga tangu utotoni walirudi kulala kijijini kwa kuogopa karatasi, wakaacha mashamba wazi, wakijipa moyo kwamba watashuka alfajiri kufukuza ndege. Niliwapigia kelele mpaka nikakauka koo. Jirani yangu alinijibu kwamba yeye si mjane, ana watoto wa kuwafikiria, kama vile ujane ni starehe.

Tulipokaa usiku nilimwambia mama mkwe sijui tufanye nini, fedha hatuna. Alinitazama kana kwamba nimeuliza mpunga unapikwaje.

"Wanatuhesabia nyumba mbili, tuwape moja, tuilipie tukivuna. Bomoa ile ya kijijini."

Tukaibomoa. Nyumba aliyojenga mumewe, aliyozaliwa mume wangu, tuliishusha sisi wawili, mimi nikikata kamba na yeye ameketi chini akikunja mikeka. Hakulia. Aliimba kidogo kwa Kindengereko. Tukapakia vyungu mtumbwini tukahamia bondeni moja kwa moja.

Ijumaa nilikwenda na kapu langu kupokea katika kile kidogo kilichobaki ghalani. Jumbe mwenyewe alisimama mlangoni. Aliniambia zaka ni ya watu wa kijiji, na mtu wa kijiji ni mwenye nyumba kijijini. Nilimwambia dungu langu limeandikwa nyumba na yeye alikuwapo likiandikwa. Akasema hiyo ni nyumba kwa bomani, hapa si bomani. Mwalimu alikuwa nyuma yake, ufunguo wa ghala mkononi. Nilimngoja aseme neno moja tu. Nilingoja hadi wanawake walio nyuma yangu wakaniomba nipishe.

Tulikula mizizi ya yungiyungi, majani ya kunde na samaki wadogo waliokwama madimbwini. Mimi nilikuwa kijana, tumbo langu lilivumilia. Yeye asiye na meno alitafuna mizizi mpaka ufizi ukatoka damu, na nilipolala alirudisha sehemu yake chunguni. Niligundua nikachelewa. Mchana alikaa karibu na jiko, kamba mkononi, akivuta kila ndege alipotua, akiwatukana ndege kwa majina ya watu wa kijiji, jumbe zaidi ya wote. Alivuta kwa nguvu mwanzoni, baadaye kwa mikono miwili, baadaye aliniomba nimfungie kamba mguuni ili avute akiwa amelala.

Alikufa mpunga ukiwa umeanza kutia maziwa. Suke ukilibinya linatoa tone jeupe, lakini huwezi kulila. Nilimlaza mtumbwini nikampeleka kijijini, na waliokataa kumpimia mpunga walimpokea kwa heshima zote. Tajiri alitoa sanda. Ilikuwa nguo safi, nyeupe, nzito, na watu wakamwombea baraka kwa ukarimu wake mpaka mbele ya kaburi. Mimi nilikuwa nikiitazama nguo ile na kufikiri kwamba kwa thamani yake mama mkwe wangu angekula mpaka mavuno. Nilitaka kusema. Wanawake walinishika mikono wakidhani nimezidiwa na msiba.

Mavuno yalipofika, bonde lilikuwa limelala. Nguruwe walikuwa wamepita mashamba yasiyo na watu wakayageuza matope, na ndege wakamalizia. Watu waliokota masuke mojamoja kama wanaotafuta shanga. Shamba langu pekee lilisimama, zito, limeinama lote upande mmoja. Nililivuna kwa machozi na matusi, na wakimbizi wawili wa Umatumbi wakanisaidia kupura.

Mwalimu akaja. Alikuja peke yake kwa mtumbwi, kapu kubwa limekaa mbele yake. Alikuwa amekonda hadi kanzu inampwaya. Akanisalimia, akautazama mpunga wangu, akasema kwa sauti ile ile aliyonifundishia kusoma kwamba Mungu amenijaalia, umefika nisabu, na mimi sasa ni katika wenye kutoa.

"Mwanangu, fungu la kumi si lako. Ni haki ya maskini."

"Najua, mwalimu. Wewe ulinifundisha," nilimwambia. "Maskini niliyekuwa naye nimeshamzika."

 Akageuza mtumbwi, na mimi nikamwita. Nilimwambia arudi ashike kapu lake. Nikampimia pishi, kwa kuwa yeye pia alikuwa na njaa na njaa yake niliiona, lakini nilimpimia kama fukara, si kama mwenye ghala, na alipokea akiwa ameinamisha kichwa. Lililobaki katika fungu la kumi niliwagawia kwa mkono wangu wanawake wa Umatumbi na wajane wa kijijini, pale pale chini ya dungu, wakiwemo wale walioniomba nipishe mlangoni. Hakuna hata punje iliyopita nyuma ya msikiti.

Kila mmoja alinishukuru.  Kila nilipojaza pishi nilikuwa nampimia mtu mmoja tu, na huyo hakuwapo kwenye mstari.