Kitabu cha Kuapia cha Mazinde

Baba yangu anaitwa Laurenti, na kama umewahi kuishi Mazinde huhitaji kuelezwa zaidi. Kama hujaishi, basi ni mzee mrefu, mwembamba, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni hata jua liwake vipi, na alikuwa katekista wetu tangu sijazaliwa mpaka magoti yalipomkatalia. Mimi ni bintiye, Yusta, nina steshenari Kilole, Korogwe mjini. Natoa fotokopi, napiga picha za paspoti, nawajazia watu fomu mtandaoni, na mdomo wangu Kilole nzima wanaujua. Habari hii ilinifunga huo mdomo. Naisema leo kwa sababu mwenyewe amenituma.

Babu alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge, Mwingereza. Siku Mwingereza alipofungasha kurudi kwao, alimwachia babu masufuria, koti, na kitabu kinene chenye jalada la ngozi, kurasa za mwanzo zimeng'oka. Akamwambia ni cha zamani sana, akitunze. Babu hakujua kusoma. Sasa kitabu kinene, cha ngozi, cha zamani, tena cha Mzungu, kitakuwa nini kama si Biblia? Kikawa Biblia.

Baba alikirithi. Kwetu watu walikuja kukata mkonge kutoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na kiapo cha kwao, na wakigombana hapakuwa na kitu kimoja cha kuapia. Kitabu kikawa ndicho hicho. Ukishukiwa kuiba kuku wa jirani, unaitwa kwetu. Baba anakifungua katikati, anasoma mistari kwa Kiswahili kwa ile sauti yake nzito, kisha unaweka kiganja juu ya ukurasa na kuapa. Mimi na marehemu mume wangu tulibarikiwa ndoa yetu mikono ikiwa pale pale. Maandishi yake ni meusi, manene, yana kona kona, na hakuna aliyeyaweza ila baba. Shuleni nilikuwa natamba kwamba baba yangu anasoma Kiingereza ambacho hata mwalimu wetu hakijui. Jamani, nilivyokuwa na kiherehere.

Ila mmoja alikataa kukishika. Erasto, rafiki ya baba tangu utoto, aligombania shamba na jirani yake Stefano. Wote wawili waliitwa nyumbani. Stefano akashika Kitabu, akaapa bila kupepesa. Erasto akasimama pale, mikono nyuma, akasema, “Hapo siapi.” Akaulizwa sababu. Hakutoa. Wazee wakasema mwenye haki haogopi kitabu, shamba wakampa Stefano. Kuanzia hapo Erasto akawa mwizi. Sisi watoto tulimwimbia njiani, “Mkono unaungua, mkono unaungua,” na mimi nilikuwa mbele ya wote, si unanijua. Haikupita muda akahamia Handeni na wanawe, na Mazinde hakukanyaga tena, hata msibani.

Basi mwaka jana nikaona tangazo mtandaoni. Maktaba moja ya Ulaya inakusanya picha za vitabu vya Kiingereza vilivyochapwa zamani za kale, kokote vilipo duniani, kabla mchwa na unyevu havijavimaliza, wavihifadhi kwenye kompyuta ili mtu yeyote avisome. Nikasema ahaa, wakati wetu umefika. Nikaenda Mazinde kumwomba baba. Akasema kitabu hiki si cha kuchezewa na simu. Mimi nikadhani ni uchaji. Kwa kuwa majirani walikuwa wamekaa barazani wanasikiliza, akanipa.

Nilipiga picha kurasa mbili za katikati, nikazituma, nikaandika kwa mbwembwe kwamba ni Biblia ya ukoo wetu. Jibu lilinikuta dukani, mteja anasubiri nakala ya cheti chake. Dada wa maktaba alikuwa na furaha mpaka inamwagika. Alisema kitabu kimechapwa London miaka zaidi ya mia tatu iliyopita, na nakala zote wanazozijua zimepotelewa na kurasa za katikati, hizi hizi tulizo nazo sisi. Alisema pia, kwa adabu sana, kwamba si Biblia. Ni kitabu cha kutibu farasi.

Nilisoma mara ya pili. Ukurasa wa viapo, ule uliosuguliwa na viganja vya watu mpaka ukawa na rangi ya chai, alikuwa amenifafanulia kwa Kiingereza cha siku hizi. Ni dawa ya farasi mwenye minyoo: kitunguu saumu kilichopondwa, siki, na namna ya kumfungua mdomo. Nilibarikiwa ndoa yangu juu ya minyoo ya farasi. Nilimwambia mteja mashine imeharibika, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni nyuma ya kaunta.

Mwishoni dada yule alikuwa ameuliza swali: haya madoa mengi kwenye ukurasa huu mmoja ni ya nini? Mimi kazini nikinakili cheti chenye doa, nalifuta, mteja anafurahi. Yeye akaniomba nisifute kitu. Alisema doa nalo ni habari ya kitabu, na palikuwa na nafasi ya kuieleza chini ya picha.

Nilikwenda Mazinde nimevimba. Shikamoo yenyewe niliitoa nusu. “Baba, miaka yote hiyo ulikuwa unasoma nini?”

“Nilichokijua kwa moyo,” akasema.

“Kwenye kitabu cha farasi?”

Hakuelewa. Nikamweleza. Nilimwona akishusha macho kwenye vidole vyake, akaanza kufungua kifungo cha shingoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya mtu. Habari ya farasi hakuijua. Alichokijua ni kwamba hajawahi kusoma hata neno moja mle. Ilianza kwenye mazishi ya babu. Watu walimwekea Kitabu mikononi wakamwambia soma, wewe ndiye uliyepelekwa shule. “Ningesema siwezi, wangesema mpishi alisomesha mtoto bure. Nikasema mistari niliyoikariri, macho nimeyaweka kitabuni. Wakalia. Baada ya hapo ningerudi vipi nyuma, Yusta?”

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja, na zaidi niliona aibu, ile ya kutamani usionekane hata na kuku. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Sasa mwosha nilikuwa mimi, nami nilitaka kufunika haraka. Nikamwambia, “Tuwaandikie kimeungua, yaishe. Hakuna atakayejua.”

Kisha akataja jina moja tu. “Erasto.”

Ndipo nami nikaelewa. Mtu alipoteza shamba na jina lake kwa sababu ya kurasa hizo. Tukikifukia kitabu, Erasto atakufa mwizi. Tukikifunua, baba atakufa mwongo mbele ya watu aliowazikia wazazi wao. Hapakuwa na njia ya tatu, na nilijua baba ameshachagua alipoanza kutafuta viatu vyake.

Tulimkuta Erasto kule Chanika ya Handeni, kwa binti yake, amekaa upenuni anachambua maharage kwenye ungo. Amezeeka vizuri kuliko baba. Nikapiga goti, “Shikamoo, baba mdogo,” kwa maana hata neno la kumwita nilikuwa sina, nikashika hilo la utotoni kabla ya ule wimbo. Akaitika marahaba kama vile tulionana jana. Tukaletewa viti, maji, tukaulizwa habari za Mazinde, za mvua, za nani amekufa. Baba akajibu yote. Kisha akaweka Kitabu juu ya mapaja yake, na sauti ile nzito sikuisikia tena.

“Erasto, hiki si Biblia. Ni kitabu cha kutibu farasi. Na mimi sikuwahi kukisoma. Nilikuwa nakariri. Nimekuja kukwambia kwamba ulihukumiwa na uongo wangu.”

Erasto aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa. “Alikuwa na miguu myeupe ya mbele,” akasema.

“Nani?”

“Farasi wa meneja. Hukumbuki? Baba yangu ndiye aliyekuwa anamlisha. Alipougua, meneja alikuja zizini na kitabu hicho, akawa anasoma huku anachanganya dawa. Mimi nilishika ndoo. Kitunguu saumu kilinuka zizi zima. Farasi akafa vilevile, mbung'o walikuwa wameshammaliza.”

“Kwa hiyo siku ile,” baba akasema, “ulijua.”

“Nilijua.”

“Na hukusema.”

“Ningesemaje, Laurenti? Nyumba imejaa watu, wewe umeshakifungua, umeshaanza kusoma.” Aliweka ungo chini. “Kuapa juu ya dawa ya farasi nikimwita Mungu, sikuweza. Kukuvua nguo mbele ya watu, hilo nalo sikuweza. Shamba lilikuwa langu peke yangu. Wewe ulikuwa katekista wa watu wote.”

Baba alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mama. Alilia kama mtu asiyejua inavyofanywa, kwa kikohozi. Mimi nilitazama maharage. Nilikuwa nausikia wimbo wetu, sauti yangu ikiwa juu kuliko za wenzangu, na nilitaka kuomba radhi lakini mdomo huu unaosifika Kilole nzima haukutoa kitu. Erasto ndiye aliyenitazama akasema, “Ulikuwa na sauti nzuri wewe, mtoto.” Bora angenipiga kofi.

Jumapili iliyofuata baba aliomba nafasi baada ya ibada. Alisema yote, mpaka la ndoo na la shamba. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Wengine hawakumpa mkono mlangoni, na wapo ambao mpaka leo hawampi. Mjane wa Stefano alitoka kabla hajamaliza. Shamba lile bado analima yeye, na hilo sitalificha.

Kisha baba akanifuata dukani, akakaa pembeni yangu nikipiga picha ukurasa baada ya ukurasa, karatasi nyeupe chini, dirisha wazi kwa ajili ya mwanga, bila kufuta chochote. Tulipofika ule wa katikati aliniuliza kama dunia nzima itauona. Nikamwambia yeyote mwenye simu. Akauliza ile nafasi ya kueleza madoa iko wapi, nikamwonyesha.

“Andika,” akasema. “Madoa haya ni mikono ya watu wa Mazinde. Waliapa hapa kwa sababu yangu.” Akangoja nimalize. Alikuwa amekaza macho kwenye kioo cha kompyuta, maneno ya Kiingereza, lugha asiyoijua, na safari hii hakujifanya anasoma. “Sasa andika kwamba mkono wa Erasto haumo. Kisha nisomee ulichoandika, kwa Kiswahili, polepole.”

Nikamsomea.