Msumari wa Kwanza

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, muuguzi wa wodi ya watoto alipata ukaazi wa kudumu katika nchi aliyoijia kama mwanafunzi. Tangu chuoni, na hata alipoajiriwa kwa kibali cha muda, aliishi kama mtu anayesubiri kufukuzwa: nguo ndani ya sanduku, godoro sakafuni, picha ya mama yake imeegemezwa ukutani. Jioni hiyo, miguu haitulii, aligonga kwa jirani kuomba nyundo.

“Ya nini, dada?”

“Namtundika mama ukutani.”

“Kakukosea nini?”

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mikono yake, hodari kwa mishipa ya vichanga, ilipinda misumari miwili. Wa tatu ukaingia. Kesho ananunua kitanda, kile kizito kuliko vyote dukani.