Rozalia wa Jamii Yetu

Nataka kueleza habari za Rozalia binti Petro wa Kitaya, na nitazieleza kwa jina lake, kwa sababu mwezi uliopita nilikalishwa kwenye benchi mjini Mtwara nikaambiwa nimwite jina lingine ndipo nipewe cherehani. Bado nina hasira. Mume wangu ananiambia nisubiri zipoe. Zikipoa sitaandika.

Rozalia alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, Wareno walikokuwa wakitawala. Alivuka mwaka 1965 akiwa na ungo kichwani, na ndani ya ungo amefunga nguo zake zote. Mume wake, Lukasi, alivuka siku mbili baadaye. Usoni ana chale za Kimakonde, zile za zamani, na watoto wetu walipomwona mara ya kwanza walijificha. Yeye alicheka. "Njooni msome," aliwaambia, "hiki ndicho kitabu changu."

Tulipopangiwa nyumba kwa mistari katika kijiji cha ujamaa, nyumba yake ikawa jirani na yangu. Sikufurahi, nasema kweli. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilimlalamikia mume wangu kwamba tumewekewa wala nguruwe mlangoni, na kwa miezi mingi nilimchungulia Rozalia kwenye matundu ya ua wa makuti. Nilichokiona ni mwanamke anayeamka kabla yangu. Msimu wa njaa alikwenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, akirudi anagawa nyumba kwa nyumba bila kuombwa. Siku binti yangu Zuhura, akiwa na miaka saba, alipopatwa na degedege, mimi nilisimama uani nikipiga kelele. Rozalia ndiye aliyemfunga mgongoni akaenda naye zahanati, kwa njia ya mkato ya mpungani, alfajiri, viboko wakiwa bado hawajarudi majini.

Kisomo cha watu wazima kilipoanza, walimu hawakutosha. Rozalia alijua kusoma kwa kuwa katekista wa kwao alimfundisha akiwa msichana, basi akajitolea. Madaftari hayakuwapo. Alimwaga unga wa muhogo kwenye ungo ule ule aliovuka nao, akausawazisha kwa kiganja, na kila mwanamke akaandika humo kwa kidole. Hakuanza na a, e, i, o, u. Alianza na jina la kila mmoja wetu, na langu lilikuwa refu kuliko yote.

"Mwanahawa," alisema, "jina lako limejaza ungo mzima. Wazazi wako hawakuwaonea huruma walimu."

"Niandike Hawa tu, dada. Nimeacha mboga jikoni."

"Hawa ni nani? Mimi sikumwandikisha Hawa hapa. Jina la mtu haliandikwi nusu. Futa, anza tena."

Nilifuta mara saba, mboga ikaungua. Ramadhani ilipofika tulikuja tumefunga, tukakuta ungo una majivu. Alisema hataki kututamanisha kwa unga. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Mwaka 1975 mtihani wa kisomo ulipofanyika nilifaulu, nikamwandikia kaka yangu wa Mahurunga barua kwa mkono wangu mwenyewe. Alijibu akiuliza ni nani aliyeniandikia.

Sasa nije kwenye mashindano.

Mwaka jana gazeti moja la kanisa lilitangaza mashindano ya insha kwa wanafunzi. Zuhura alikuwa darasa la saba, na Mwalimu Andrea, ambaye ni Mkristo mwenyewe, alisema hajaona insha nzuri juu ya kilimo cha korosho kama yake. Kisha fomu ikaja. Ilitaka jina la ubatizo na sahihi ya padri. Mwalimu Andrea alileta insha nyumbani kwangu akiinamia viatu vyake, akasema, "Samahani, mama. Mashindano ni ya waumini wa kanisa." Zuhura aliikunja mara nne akaichomeka kwenye makuti ya paa. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Tangu hapo yupo nyumbani, nami nawaona wanaume wanaopita uani kwangu wakisalimia kwa sauti ndefu kuliko inavyohitajika, na wengine wana umri wa baba yake.

Mwaka huu, 1977, jumuiya moja ya Waislamu mjini nayo ikatangaza mashindano. Mume wangu alileta karatasi baada ya swala ya Ijumaa. "Andika maisha ya mwanamke mwema wa jamii yetu. Wanaoruhusiwa kuandika ni akina mama wa Kiislamu. Zawadi ya kwanza: cherehani."

Cherehani. Zuhura angekuwa na kazi mikononi, na mimi ningekuwa na jibu la kuwapa wale wanaosalimia. Kuhusu maneno "akina mama wa Kiislamu", sikuyawazia kabisa. Mwaka uliotangulia nililia kwa sababu ya mlango kama huo. Safari hii mlango ulikuwa wetu, nikapita bila kugeuka kuona nani amebaki nje. Kosa hilo ni langu na naliandika hapa.

Niliandika habari za Rozalia. Ningemwandika nani mwingine? Yeye mwenyewe alinisahihishia nukta na mkato, akicheka. "Mashindano yenu mimi siingii," alisema, "lakini naingia ndani ya karatasi. Wamefunga mlango wakasahau dirisha."

Baada ya wiki sita niliitwa mjini. Katibu wa mashindano alikuwa mtu mpole, kanzu yake imepigwa pasi. Alinikaribisha kwenye benchi, akaniambia nimeandika vizuri kuliko wote.

"Kuna jambo dogo tu, mama. Huyu Rozalia."

"Ana nini?"

"Tulisema mwanamke wa jamii yetu."

"Ndiye. Nyumba zetu zimepakana. Shamba la ujamaa tunalima mstari mmoja."

Alitabasamu kama mtu anayemsubiri mtoto. "Jamii yetu, mama. Waislamu."

Mimi neno jamii nilifundishwa moja. Kila mkutano wa kijiji, kila redio ikifunguliwa, jamii ni wote wanaoshika jembe. Sikujua kwamba ukifika mjini neno lile lile linapunguzwa kama kanga iliyokatwa vipande.

"Badilisha jina basi," akasema. "Si lazima uandike upya. Weka hata lako, Mwanahawa ni jina zuri."

"Na katekista aliyemfundisha kusoma?"

"Andika maalimu."

"Na chale za usoni?"

"Chale ziache, hakuna atakayeuliza." Kisha akasogea karibu. "Mama Zuhura, mwenye karamu ndiye anayealika. Gazeti la kanisa lilimwalika mwanao? Watoto wetu wameachwa nyuma shuleni tangu mkoloni. Tukiwaandalia chao kidogo, tumekosa nini?"

Hapo alisema kweli, na kweli yake ndiyo iliyonimaliza. Nilimwona Zuhura akikunja insha yake mara nne. Nikaichukua kalamu aliyoninyooshea.

Nilikata Rozalia wa kwanza, juu yake nikaandika Mwanahawa. Nikakata wa pili. Nilipofika wa tatu nilikuta nimeandika hivi: "Rozalia alimfundisha Mwanahawa kuandika jina lake kwenye unga." Nikibadilisha jina, inakuwa Mwanahawa alimfundisha Mwanahawa. Mstari uliofuata, Mwanahawa alimfunga mgongoni mtoto wa Mwanahawa akapita mpungani. Na mimi mpungani sikupita. Nilikuwa uani napiga kelele.

Nikaweka kalamu chini.

"Mkipika pilau alikeni mnaowataka," nilimwambia, "sitanuna. Lakini mliniambia niandike habari ya mtu mwema, nikawaandikia aliyembeba mtoto wangu. Sasa mnataka mtoto wangu awe alibebwa na mtu ambaye hakuwepo."

"Mama, usipandishe sauti."

"Sijapandisha. Ndivyo ilivyo."

"Cherehani itakwenda kwa mwingine."

"Iende."

Nilichukua karatasi zangu. Kwenye lori la kurudi, juu ya magunia, nilizishika karatasi kwa mikono miwili hadi Mahurunga. Nilimkasirikia katibu, nikalikasirikia gazeti la kanisa, nikajikasirikia mwenyewe. Katibu na wenye gazeti hawajaonana maishani, lakini wamefanya kazi moja. Wenye gazeti walimkataa mwandishi kabla ya kusoma neno lake hata moja. Katibu alinikubali mimi, kisha akataka kuchagua ni nani ninayeruhusiwa kumpenda kwa maandishi. Ukianza kuuliza dini ya mkono unaoandika, huwezi kuishia hapo, utauliza na dini ya aliyeandikwa. Katibu anasema watoto wetu wameachwa nyuma. Basi wafundisheni, wapeni madaftari, wajengeeni madarasa, nitakuja kuchanganya udongo. Siku ya kupima nani ameandika vizuri, someni kilichoandikwa.

Zuhura alikuwa amefagia kona ya chumba, pale dirishani, pa kuiweka cherehani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza, kisha akauliza, "Basi Mama Rozalia ndiye atakayenishonea?" Akaenda zake kisimani bila ndoo.

Rozalia alikuja alipopata habari, nami nilitazamia shukrani. Haikuwa hivyo.

"Wewe mwanamke hamnazo," alisema kabla hajaketi. "Jina langu linaliwa? Linavaliwa? Ungechukua cherehani, mimi ningebaki Rozalia kwa mbuzi wangu, wao hawasomi insha."

"Nimeshindwa, dada."

"Umeshindwa nini, kukata maneno? Nipe nione."

Alisoma akifuata mistari kwa kidole, kama alivyotufundisha. Kidole kikasimama. Nilikuwa nimesahau kumficha ukurasa ule.

"Hapa umenikata," alisema.

"Ndiyo."

"Na hapa."

"Ndiyo, mwalimu."

Kidole chake kilibaki kwenye wino. Nilitamani anitukane tena. Mwishowe akanirudishia karatasi.

"Futa," alisema. "Anza tena."

Nimeanza tena, ndiyo maandishi haya. Zuhura hajasema nami tangu siku ile niliyorudi. Anashona kwa sindano ya mkono, amenipa mgongo, na leo asubuhi ameifagia tena ile kona.