Kwa Miguu Hadi Msimbu

Mwanangu wa kwanza ana tabia ya kupanda milima. Kila mwaka yeye na wenzake wa ofisini huenda kwenye hifadhi fulani ya milima, hulala kwenye mahema siku kadhaa, kisha hurudi na picha anazonionyesha moja moja kwenye simu mpaka chai inapoa. Mbele kuna mtu anayewaongoza, nyuma kuna watu wamejitwika masufuria, na katikati yuko mwanangu na fimbo zake mbili za chuma, anacheka. Mwaka jana nilimwambia kwamba mtu ambaye ugali wake umebebwa kichwani na mtu mwingine hajapanda mlima, amepandishwa. Alinijibu kwa upole kuwa mimi, kwa mguu wangu huu, hata sokoni Mlandizi sifiki. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Mguu wenyewe ni wa kulia. Pikipiki iliniparamia nikivuka barabara ya Morogoro, mfupa ukavunjika chini ya goti, nikawekewa chuma. Tangu siku hiyo watoto wangu wakaanza kunijadili mbele yangu kama vile sipo. Baba yao ameshatangulia mbele ya haki, naishi peke yangu Janga na kuku, mihogo na migomba yangu. Je, nikianguka bafuni? Mwanangu ana nyumba Dar, ghorofa ya nne, na chumba changu alishakipaka rangi. Janga hakuiita tena nyumbani. Alisema "kule shamba". Nilimuuliza mguu unaoshindwa na tambarare ya Janga utaziwezaje ngazi za ghorofa ya nne. Akasema sitakuwa na haja ya kushuka.

Neno hilo lilinichoma. Alilisema kwa mapenzi, najua, na ndiyo maana lilinitisha zaidi. Nilijiona nimekaa dirishani mpaka Bwana anichukue, nahesabu mapaa ya watu.

Mimi ni Mpare. Watu husema sisi ni wabishi, nami sitaki kubishana nao. Nilimwambia mwanangu tuwekeane sharti. Nitatembea kutoka Janga hadi Msimbu, alikozaliwa baba yake, kwa kupitia kando ya msitu na kukata vilima vya Kisarawe. Hatutakuwa na wa kutuongoza wala wa kutubebea. Nikifika bila kupanda chombo chochote, nabaki Janga na maneno yanakwisha. Nikipanda gari, bajaji au pikipiki hata hatua chache, nafunga virago, nahamia ghorofani bila kinyongo. Alicheka, halafu akaona sicheki. Kesho yake akaniletea begi lake la mgongoni na zile fimbo mbili.

Wa kwenda naye alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu, anayeishi hapo hapo Msimbu. Ni mkubwa kwangu, mnene, na sauti yake kwaya ya usharika inaisikia kabla hajaingia kanisani. Alikuja Janga kunichukua. Alisema haji kwa ajili ya mguu wangu. Anakuja kwa sababu nikifia njiani watu watasema mawifi ndio walioniua.

Tuliondoka asubuhi na mapema, tukavuka reli, tukaushika ukingo wa msitu. Kibali tulishaomba ofisi ya misitu, na bwana aliyekitoa alitutazama kama wanawake waliotoroka mahali. Njia ilikuwa ya kichanga, imechimbwa na magurudumu ya baiskeli za mkaa. Mguu ulianza kuuma kabla jua halijakaa sawa. Maumivu yake yana utaratibu: yanaanzia kwenye chuma, yanashuka kwenye kifundo, kisha yanapanda hadi kiunoni kuniuliza tunakwenda wapi. Sikuyajibu. Wifi alinionyesha vilima kwa mbali, nami nikamwambia kwetu Upareni vile tunaviita matuta ya viazi. Akasema vizuri, nikifika juu nimchimbie viazi.

Shida yetu haikuwa vilima. Shida ilikuwa ukarimu. Watu wa Kisarawe hawakubali upite wanakula. Ukisema shikamoo umeshafika, ukisema hapana asante umewatukana, basi tulikula mihogo ya kuchemsha katika nyumba tatu kabla ya mchana. Na ukiinuka kuaga, mwenyeji naye anainuka. Anakusindikiza. Nyumba ya kwanza tuliyolala, baba mwenye nyumba alivaa viatu asubuhi na kutoka nasi, nikamnong'oneza wifi kwamba sharti letu ni kutoongozwa na mtu.

"Huyu hatuongozi," wifi alisema. "Anatusindikiza. Mtu anayekwenda kwake husindikizwa."

Akanifundisha na kanuni, kwa kuwa miaka yote niliyoolewa kwao sikuwahi kuiangalia vizuri. Mwenyeji hageuki mwenyewe, maana itakuwa kama amekuchoka. Mgeni ndiye anayesema, sasa rudi, umefika mbali. Hapo mwenyeji anakataa kidogo, mnapeana mikono, anarudi. Yule baba tulimwambia arudi tulipofika kwenye mkorosho mkubwa, akakataa kidogo, akarudi. Niliona ni jambo jepesi kabisa.

Siku ya tatu jambo hilo jepesi lilituponza. Tulikuwa tumelala chini ya vilima kwa bibi mmoja mwembamba, mkongwe, anayezungumza Kizaramo na wifi kwa kasi ambayo masikio yangu yaliambulia nusu tu. Asubuhi alichukua kijifimbo chake akatoka nasi. Njia ilikuwa nyembamba, na kwa heshima tukamtanguliza yeye mbele. Huwezi kumweka bibi wa watu nyuma yako. Tukapanda. Bibi alikuwa anakwenda kama mbuzi, nami nachomeka fimbo za mwanangu kwenye mchanga na kuvuta mguu. Kwenye njia panda alisimama, akatugeukia. Wifi, ambaye njia ile hakuwahi kuipita kwa miguu, akamwambia, haya bibi. Akashika ya kushoto. Tulipanda kilima, tukashuka, tukapanda kingine, jua likaja utosini, na njia ikaishia kwenye shamba la mihogo lililotelekezwa. Mbele palikuwa na kichaka tu.

Bibi akaegemea kijifimbo chake, akatutazama kwa huruma.

"Wajukuu zangu," alisema, "hivi mnakwenda wapi hasa?"

Tukasema Msimbu. Akasema Msimbu ni ile njia ya kulia, tuliyoiacha asubuhi. Wifi alimuuliza, kwa adabu zote, mbona hakutuambia. Bibi akashangaa. Sisi ndio wenye safari. Yeye anasindikiza tu, anangoja tumwambie arudi, na miguu yake imeshachoka kungoja. Sisi nasi tulikuwa tunangoja ageuke mwenyewe, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia mtu mzima kama yule, haya ondoka. Tulikuwa tumefuatana kwa heshima nusu ya siku nzima, kila mtu akimfuata mwenzake.

Wifi alikaa chini, akacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeutumia mguu ambao ningeuhitaji baadaye, na hasira ilinipanda, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Tukarudi naye hadi njia panda, na pale nikavunja adabu nikamwambia, bibi, sasa rudi. Alikataa kidogo. Akarudi.

Kwa kuwa tulichelewa, tuliuvamia mteremko wa mwisho alasiri, jua bado kali, tumechoka, tunaharakisha. Mimi nilikuwa na fimbo mbili na mguu mmoja wa mashaka, hivyo niliweka kila hatua kwa kufikiri. Wifi alikuwa na miguu miwili mizima na hakufikiri. Nilisikia majani makavu yakiteleza nyuma yangu, kisha kishindo, kisha kimya, na kimya cha wifi yangu ni kitu cha kuogopa. Nilipomfikia alikuwa ameshika kifundo cha mguu, kimeshaanza kujaa, uso umekuwa wa kijivu. Nilimfunga kwa kanga, nikampa maji, nikampigia simu jirani yake atutumie bodaboda.

Dereva alikuja, mtu mzima mwenye mvi, mpole. Akamtazama mgonjwa akasema njia ni mbaya na huyu mama anaona kizunguzungu. Lazima mtu akae nyuma yake amshike.

Wifi akafumbua macho. "Usipande," aliniambia. "Nifunge na kanga kwenye mgongo wa dereva. Usipande, wifi."

Dereva akasema hafungi mtu kama gunia. Nilisimama pale. Nitasema ukweli, niliifikiria ile kanga. Nilifikiria jogoo wangu, na baraza langu, na namna jioni zinavyoingia Janga. Nilifikiria chumba kilichopakwa rangi. Kisha nikaifikiria pikipiki yenyewe, maana tangu ile ya barabara ya Morogoro sijawahi kugusa nyingine. Wifi alianza kuinama upande mmoja. Nikarusha mguu wenye chuma juu ya kiti, nikamkumbatia kiunoni kutoka nyuma, mishikaki watu watatu, nikafumba macho hadi zahanati.

Hakuvunjika. Muuguzi alisema ameteguka, akamfunga bendeji, akampa dawa, tukalala kwa jamaa yao jirani na hapo. Wifi alikuwa analia, na hakuwa analilia mguu. Aliniambia hatasema, nami nisiseme, nani alituona? Nikamwambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilimwekea mwanangu sharti mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nimepanda chombo, nimeshindwa.

Asubuhi nikampigia yule dereva nikamwomba anirudishe kule mlimani. Akauliza nimesahau nini. Nikamwambia sikusahau kitu, nataka kutembea. Alinipeleka mpaka kwenye yale majani yaliyovurugika alipoangukia wifi. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, kisha akaondoka polepole akigeuka kunitazama.

Kwa nini nilirudi, sijui kama naweza kueleza. Nyumba nilishaipoteza. Lakini kushindwa ni kitu kimoja na kuacha ni kitu kingine, na miguu yangu hii, mzima na mbovu, sikuwa tayari kuipeleka ghorofani ikiwa haijamaliza kazi niliyoituma. Sikuwa na wifi wa kunitania, wala mwenyeji wa kunisindikiza. Nilishuka kile kilima kwa makalio mahali pengine, wallahi, mtu mzima mwenye wajukuu. Nililia kidogo nikiwa nashuka, kwa maumivu na kwa Janga yangu, kisha nikafuta uso na kunywa maji. Kwenye nyumba ya kwanza bondeni walikuwa wanakula, wakasema karibu. Nilikula, nikawaambia mapema wasiinuke.

Msimbu niliingia jua likianza kulegea. Gari la mwanangu lilikuwa limesimama nje kwa shangazi yake; alikuwa amepigiwa simu asubuhi, ameshamleta wifi kutoka kwa wale jamaa. Wifi mwenyewe alikuwa barazani, mguu juu ya stuli, na mwanangu amekaa kando yake. Aliniona kwa mbali. Hakuja kunipokea begi. Alisimama tu akanitazama nikija, nachechemea, kwa muda wote ulionichukua kufika, na ulikuwa mrefu.

Nilipofika sikukaa. Nilitaka kulisema nikiwa nimesimama.

"Nimepanda pikipiki," nilisema. "Makubaliano ni makubaliano. Nitahamia."

Wifi alifungua mdomo, mwanangu akamwomba asubiri. Aliingia ndani, akatoka na beseni la maji ya uvuguvugu, akanikalisha, akanivua viatu. Aliosha mguu ulio mzima kwanza, kisha ule mwingine, akapitisha kidole kwenye kovu alilokuwa hajaligusa tangu hospitali.

Alisema shangazi yake ameshamsimulia yote, na yule dereva naye, maana alipita kuuliza kama nimefika. Alisema muda wote swali lake lilikuwa moja, nikianguka nani atakuwepo, na hakuwahi kufikiri kwamba atakayeanguka anaweza kuwa mwingine na wa kuwepo nikawa mimi. Halafu akainama tena kwenye beseni, hakunitazama.

"Pumzika hapa siku mbili tatu," alisema. "Halafu nitakusindikiza mpaka kwako."

Nilimtazama wifi. Wifi alikuwa anaangalia mguu wake uliofungwa kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Nikikwambia rudi," nikamuuliza mwanangu, "utarudi?"

Alikausha vidole vyangu kwa kanga, kimoja kimoja, kabla ya kujibu.

"Nitakataa kidogo," alisema. "Halafu nitarudi."