Tulivyolifufua lori la jeshi la Mzee Sefu kule Kasulu kabla ya kulinunua

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hii ninayoandika imenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Mwaka 2013 nilikuwa nanunua maharage Mabamba, huko mpakani na Burundi, nayaleta Kibondo mjini na mengine Kasulu. Kiangazi hakuna shida, malori ya kukodi yapo. Mvua zikikolea, wenye malori wanazima simu.

Msimu mmoja mzigo wangu ulikwama kwa mwenyeji wangu mpaka maharage yakaota ndani ya magunia. Nilifungua gunia la kwanza, nikafungua la pili, nikakaa chini.

Ndipo nikaanza kuwaza lori la jeshi. Wadau mnayajua yale. Yameinuka juu, tairi zote zinavuta, tope kwake ni barabara tu. Tatizo ni moja, yakifika kwetu raia yameshachoka.

Shemeji yangu Yusto, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa magari Kasulu. Ndiye aliyeniambia kuna mfanyabiashara mmoja, Mzee Sefu, mtu wa Tanga kwa asili, ana lori la jeshi limelala nyuma ya ghala lake, uani kwake nyumbani. Alilinunua mnadani, akampa mwanawe Idrisa alifanyie kazi. Idrisa akaugua, akafia hospitali. Tangu hapo halijawashwa.

Tukaenda. Mzee mpole, anaongea taratibu. Akasema, "Lipo huko nyuma. Kalitazameni wenyewe, mimi mambo ya gari siyajui."

Yusto hakugusa injini kwanza. Aliingia uvunguni na tochi na nyundo, akawa anagonga chesisi huku anasikiliza. Nyuma kidogo ya kebini mlio ukabadilika. Akakwangua rangi, tukaona ufa mwembamba umeanzia kwenye tundu la riveti.

(Mnaotaka kununua haya magari, ile rangi ya kijani inaficha mengi. Kwangueni bila aibu.)

Ufa ulikuwa wa kutibika, unachomelewa na kuwekewa kipande cha chuma juu. Tukaendelea. Stiki ya oili ikatoka nyeusi ya kawaida. Ingetoka na rangi ya chai ya maziwa tungeaga palepale, maana maji yangekuwa yameshaingia kwenye injini. Diff ya mbele, zile gia zinazozungusha tairi, ikatoa oili isiyo na chenga za chuma. Breki zimeganda. Panya wamezaliana kwenye filta ya hewa. Ila Yusto alipoweka spana kwenye puli ya mbele na kuvuta, injini ikazunguka.

Akaniangalia, akasema, "Shemeji, hili halijafa."

Tukapatana bei na mzee, tukapeana mikono. Sharti letu lilikuwa hivi: tunalitengeneza palepale uani kwake, kwa vifaa vyetu. Likitembea nalipa, naondoka nalo. Likishindikana nafungua vyangu tu.

Kuchomelea ufa, kufungua breki na mengineyo kulichukua wiki kadhaa, maana mvua ilikuwa inatukatisha. Tukafunga turubai juu. Mzee alikuwa akitoka kuswali alasiri anakuja na kiti chake na kahawa, anakaa anatutazama.

Mkewe, Bi Zuhura, yeye alikuwa anapita na beseni la nguo kwenda kuanika, anatusalimia huku anaangalia chini. Nikadhani ndiyo tabia yake.

Siku ya kuwasha ikafika. Betri mpya, dizeli safi, Yusto kwenye usukani. Mara ya kwanza hola. Mara ya pili likakohoa. Mara ya tatu likashika, moshi mweupe ukajaa ua mzima, kisha ukaanza kupungua na injini ikatulia.

Yusto anacheka peke yake mle ndani. Mimi nageuka nimpongeze mzee, nikamkuta amesimama, kikombe kimemwagika miguuni. Bi Zuhura ametoka jikoni, mikono ina unga.

Mzee akasema, "Zima."

Yusto akazima.

"Siuzi."

Yusto akashuka. "Mzee, si tulipeana mikono?"

"Tulipeana. Nisameheni wanangu. Siuzi."

Wakuu, sitawadanganya kwamba nilikuwa na huruma. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa naona mvua, naona Mabamba, naona maharage. Yusto akaniambia kwa Kiha tufungue vyetu tuondoke, na alikuwa na haki. Nikachukua spana, nikaanza na betri.

Mzee hakutuzuia. Alirudi akakaa.

Nikamuuliza huku nafungua, "Mzee, unataka likae hapa mpaka lini?"

Akasema, "Nilitaka nilisikie tu. Nilidhani nikishalisikia nitaweza kuliachia."

Hapo ndipo Bi Zuhura akasogea.

"Baba Idrisa, umewahi kuniuliza mimi?"

Mzee akageuka.

"Wewe unashinda dukani. Mimi kila asubuhi nikitoka kuanika nguo nalikuta hapa. Mimi ndiye ninayeishi nalo. Waache walichukue."

"Utaweza kuliona linaondoka?"

"Kuliona limelala ndiko nilikoshindwa."

Akarudi jikoni. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini, "Rudishia ulichofungua."

Kesho yake tulilipakia mchanga tukalipandisha na kulishusha mlimani mpaka tukaziamini breki. Nikamlipa mzee, tukaandikishana.

Wakati wa kuondoka kwenda Kibondo akatoka amevaa kanzu safi. "Nisogezeni kidogo," akasema, akapanda akakaa dirishani.

Njia nzima alikuwa anatusimulia habari za Idrisa. Kwamba alikuwa anaimba vibaya sana na hakubali kuambiwa. Yusto akacheka, mzee naye akacheka.

Tulipofika Makere akaomba kushuka. Nikamwambia tutamrudisha, akakataa, akaita bodaboda. Nikamwona kwenye kioo cha pembeni, kanzu imekunjwa magotini, anaelekea Kasulu. Hakugeuka nyuma.

Msimu ule nilitoa mzigo wangu wote Mabamba.

Nilichojifunza: usitie vifaa vyako kwenye gari la mtu kwa kupeana mikono tu, andikishaneni mapema. Lakini kubwa zaidi, tulikagua lori lile kila nati, na mama mwenye nyumba hatukumuuliza hata swali moja. Siku hizi nikienda kutazama gari naomba kwanza nisalimie wa nyumbani.

Kama kuna aliyewahi kununua chombo kwenye nyumba iliyofiwa, atuambie yeye aliingiaje. Na mafundi mliomo humu, ule ufa wa chesisi ninyi mngeuchomelea au mngekimbia? Nipo, nasoma.