Kupima Prime ya Nyumba Chini ya Milima ya Uvira

Siku yangu ya kwanza kazini sikukaa ofisini. Mkuu wa tawi letu la bima hapa Uvira, ambaye sote tulimwita Shefu, alinitazama viatu, akaniambia nikavae vingine, kisha tukatoka kwa miguu. Tulikwenda hadi kwenye nyumba moja ya matofali ambayo mwenyewe alitaka kuikatia asiransi, kama tunavyoiita bima huku kwetu. Nilikuwa nimetoka masomoni, nina diploma ya biashara, na sikuwa na shaka yoyote juu ya akili yangu. Shefu akaniita kwa jina langu, Faida, akaniuliza naona nini.

Nikamtajia mabati mapya, rangi ya ukutani, milango ya mbao ngumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanishika bega na kunigeuza nitazame nyuma, kule milima inakosimama juu ya mji wetu, karibu sana hivi kwamba ukitaka kuona kilele lazima uinue kidevu.

"Weye unaona nyumba," akasema. "Minye naona mulima. Nyumba ya Uvira inaanzia kule juu, Faida. Maji ya kule iko na njia yake, na ile njia inapita mulangoni mwa batu."

Nilizaliwa chini ya milima ile. Nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea ukuta wa chumba chake. Siku hiyo nilisimama pale hadi shingo ikaniuma, na tangu hapo sijawahi kuipita bila kusimama kidogo.

Kazi yenyewe niieleze, maana vijana wengi wananiuliza kama ilikuwa kazi ya kuuza karatasi. Prime ni fedha ambayo mwenye nyumba analipa kila mwaka, ili siku nyumba ikiungua au ikibomoka shirika limsaidie kujenga upya na kununua tena vitu vilivyokuwa ndani. Kazi yangu ilikuwa kusema prime hiyo iwe kiasi gani. Ikizidi, unamwibia mteja. Ikipungua mno, unamwibia pia, kwa sababu siku ya hasara atakuta hakuna kitu. Hilo la pili watu hawalioni upesi.

Nilihamishiwa Bukavu, halafu Kalemie, kisha nikarudishwa Uvira nikiwa mkaguzi, yaani mtu wa kwenda kuiona nyumba kabla ya mkataba. Bukavu nilifanya kazi chini ya mkuu wa idara ya hasara, mzee mkali aliyevaa tai hata Jumamosi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza. "Usimuulize mteja anaogopa nini," aliniambia. "Watu wanaogopa wezi. Muulize jirani yake alipatwa na nini." Nilikuta ni kweli. Mtu anakuonyesha kufuli tatu za mlangoni, na nyuma ya nyumba yake pana korongo.

Sasa niwaambie habari za Mama Nyota, kwa kuwa kila nilichokijua kuhusu prime ya haki kilipimwa kwake.

Mama Nyota alikuwa mshonaji, mjane, mwenye nyumba mtaa wa Rugenge, hapa Uvira, karibu na mto unaoshuka kutoka milimani. Chumba kikubwa cha mbele alikigeuza kuwa atelie: mashine za kushonea, meza ya kukatia vitambaa, marobota ya vitenge, na wasichana aliokuwa akiwafundisha kazi. Nyumba ile ilikuwa makazi yake na chakula chake pia. Mwaka mmoja makao makuu yalipandisha prime yake karibu mara mbili. Alikuja ofisini akiwa amevaa vizuri kama anaenda misa, akaketi mbele yangu.

"Mama Faida, minye siyakuya kugombana," akasema. "Kuna ajenti wa shirika lingine, ananiomba nusu ya hii. Niambie tu kama hii yenu iko ya haki. Ukisema ndiyo, nitalipa."

Nilimwomba tuupitie mkataba pamoja, sehemu kwa sehemu, na ule wa ajenti pia, aliokuwa nao mkobani.

Wa kwetu ulikuwa na kasoro tatu. Waliopima thamani ya nyumba walichukua bei ambayo angeiuzia, pamoja na kiwanja. Lakini kiwanja hakiungui. Kinachotakiwa kuhesabiwa ni gharama ya kuijenga tena: matofali, saruji, mabati, mafundi. Kwa hiyo alikuwa akitozwa juu ya udongo ambao hakuna atakayemlipa. Kasoro ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Katika sehemu inayotaja mambo ambayo shirika halilipi, yaliandikwa maji ya mto. Kasoro ya tatu, mashine zake zilihesabiwa kama vyombo vya kawaida vya nyumbani.

Mkataba wa ajenti nao ulikuwa rahisi kwa sababu haukubeba kitu. Maji hayamo, na franchise yake, ile sehemu ya hasara ambayo mteja anaibeba mwenyewe kabla shirika halijatoa chochote, ilikuwa kubwa hivi kwamba mashine zote zingepotea ndani yake.

Mama Nyota aliurudisha mkataba wa ajenti mkobani.

"Kumbe yenu inanilipisha bure," akasema, "na ile ingine iko bure kabisa."

"Ya kwetu inaweza kutengenezwa," nikamwambia. "Niachie niende Bukavu."

Direkta wa mkoa alinipokea vizuri, akakubali la kiwanja bila ubishi. La maji alilikataa. "Mama, wateja wangu wengi wanakaa juu, Bukavu na kwingineko," akasema. "Kwa nini mtu ambaye hajawahi kuona mto wa Uvira alipie maji ya Uvira?"

"Kwa sababu Mama Nyota naye analipia moto wa Bukavu," nikajibu, "na Rugenge nyumba hazijabanana hata moto uruke kama huko."

Hakunikatalia wala hakunikubalia. Alisema atakuja kuona. Alishuka na gari lake kupitia uwanda wa Ruzizi, akafika amechangamka, akisifu mashamba ya mpunga. Tulimpeleka, mimi na Mama Nyota, hadi kando ya mto. Ulikuwa msimu wa kiangazi, maji yalikuwa uzi mwembamba, mtoto angeweza kuyaruka. Lakini kitandani mwa mto yalilala mawe, mengine makubwa kuliko gari alilokuja nalo. Direkta aliweka kiganja juu ya jiwe moja, akalizunguka.

"Haya mawe nani aliyaleta?"

"Maji," Mama Nyota akasema. "Hili ulilolishika, nilipoolewa halikukuwa hapa."

Direkta alitazama juu mlimani, akatazama chini ziwani, mto unakoishia, akatazama nyumba katikati. Sijui aliwaza nini, ila niliuona uso wake na nikajikumbuka siku yangu ya kwanza. Alipopanda gari aliniambia niandike upya: kiwanja kitoke, maji yaingie, mashine zitajwe kama mashine.

Prime mpya ilitoka chini ya ile aliyoilalamikia Mama Nyota, juu ya ile ya ajenti. Nilimweleza kila sehemu yake inatoka wapi. Alilipa akasema, "Sasa najua minye nalipa nini." Sijasikia maana bora ya prime ya haki.

Kisha ikaja mvua iliyotuletea maafa, na hata haikunyesha mjini. Ilinyesha kule juu kwenye nyanda za wafugaji, na sisi chini tulikuwa na jua, watu wameanika nguo. Kwanza ulisikika mngurumo, kama malori mengi yakipanda kilima kwa pamoja. Mama Nyota aliuelewa. Aliwatoa wasichana wake wote, wakakimbilia mahali pa juu bila kubeba hata mkasi. Mara maji yakaja, meusi, yakiwa yamebeba miti mizima na yale mawe, na mawe yalikuwa yakigongana ndani yake.

Nilifika nyumbani kwake maji yalipopungua. Nimeona moto mwingi katika kazi yangu. Moto huacha kuta. Pale palibaki kipande cha sakafu, na mahali pa meza ya kukatia pamekaa jiwe refu kuliko mimi, limetulia kana kwamba ndilo lililotangulia. Mbele yake ziwa lilikuwa la kahawia mpaka macho yanapoishia, na mabati ya watu yalielea juu yake. Mama Nyota alisimama na wasichana wake wamemshika nguo. Hakulia. Majirani zake wengi hawakuwa na mkataba wowote, na wengine walikuwa bado wanatafuta watu wao, kwa hiyo hata mimi sikuthubutu kutaja asiransi siku ile.

Shirika lililipa. Mama Nyota alijenga tena, mbali na mto, kwa matofali ya kuchoma kama zamani, atelie mbele. Safari hii aliongeza wasichana, wale waliopoteza wazazi.

Muda si mrefu akaja ofisini Mzee Rukundo, mfugaji kutoka nyanda za juu aliyekuwa na nyumba ya kupangisha mjini. Alikuja kuvunja mkataba wake. "Nalipa miaka yote na hamjanipa kitu hata siku moja," akasema kwa upole. "Naona natupa pesa."

Nilichukua mwavuli nikamwomba tutembee. Nilimwonyesha nyumba ya Mama Nyota, mashine zikilia ndani, nikamwambia ilijengwa kwa prime za watu kama yeye, watu wa milimani, wa Bukavu, wa Kalemie, wasiomjua mama huyu hata jina. Mzee alivua kofia. Aliusogelea ukuta, akaweka mkono juu ya matofali, akauacha hapo.

"Na minye nimo humu?" akauliza.

"Umo, mzee."

Alirudi ofisini akalipa prime yake.

Sasa nimestaafu. Watu bado wanakuja barazani kwangu na mikataba yao, nami nawauliza yaleyale: wamehesabu kujenga au kuuza, nini hakilipwi, franchise ni kiasi gani, jirani alipatwa na nini. Wakiondoka nabaki peke yangu nikiwaza jambo ambalo sijawahi kumaliza kulishangaa. Mlima hauwezi kuzuiwa, lakini watu wasiofahamiana, kila mmoja na kidogo chake, wanaweza kusimama nyuma ya mjane mmoja. Mimi pia nalipa. Prime ya mwaka huu nimeshaipeleka, na huenda sasa hivi imo katika ukuta wa mtu fulani ambaye sitamwona kamwe.