Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Jumapili iliyopita, hapa Manyatta, mke wa mjukuu wangu alisoma majina ya mitume kanisani. Alipofika Yakobo, jina la marehemu mume wangu, alilitamka tu kama mtu anayeita bei ya vitunguu sokoni Kibuye. Sikukasirika, rafiki yangu. Nilicheka, nikamkumbuka Mama.

Zamani huku ziwani, kwa heshima, mke hakutaja jina la baba mkwe wala la babu wa mumewe, hata likiwa la mtume. Na babu yangu, baba mkwe wa Mama, aliitwa Petro.

Babu alikuwa mvuvi. Jioni, omena, dagaa wetu wa ziwani, zikinukia uani, alishona nyavu akitusimulia habari za Petro kama za jirani wa ufuo wa pili: alivyovua usiku kucha akatoka bure, alivyoogopa mawimbi akaanza kuzama, alivyomkana Bwana akalia jogoo alipowika. "Alikuwa mwoga," Babu alisema, "lakini alirudi." Mama alisonga ugali, masikio yote kwa Babu.

Mama alitamani sana kubatizwa. Lakini asiyetaja mitume wote alingoja Pasaka nyingine, na yeye alishangojeshwa tayari. Siku ya mtihani kanisani nilishika leso yake. Katekista alikuwa mgeni, mtu wa milimani.

"Mama, anza. Mtume wa kwanza?"

"Yule mvuvi, Mwalimu. Aliyelia jogoo alipowika."

"Jina, Mama."

"Aliyesulubiwa kichwa chini. Huyo huyo."

"Habari zake zote unazo, jina huna?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Mwalimu, hata ukimchapa hatalitaja!"

Katekista hakuelewa. "Basi, mpaka mwaka ujao."

Mama akageuka aondoke. Ndipo kule nyuma mtu akakohoa. Babu akainuka na fimbo yake.

"Petro! Jina ni langu, Mwalimu, na nimemsaidia kulibeba. Endelea, mwanangu."

Mama akafuta machozi. Andrea, Yakobo, Yohana, akatiririka mpaka mwisho, hata Yuda hakumwacha. Akabatizwa Pasaka hiyo, na Babu akaleta samaki, ngege wanono wa kupika.

Siku hizi magugu yamefunika ufuo ule, na hakuna anayeshona nyavu uani kwetu. Mimi sikusoma sana, ila majina yote ninayo, nawafundisha wajukuu. Wananiuliza mbona nachelewa kuanza. Kabla ya jina la kwanza huwa nanyamaza kidogo, nikingoja kikohozi kule nyuma.